Umefikia kwa nani?

Najua nimepotea karibu wiki tatu. Sikuumwa, wala sijadisko (bado, teh teh teh). Nilikuwa najipanga kwenda Saadani. Peke yangu.

Wanaonijua wameshaanza kucheka. Mimi ndiye yule anayewahi siti ya dirishani halafu anaomba Mungu jirani asiwe muongeaji. Kutembea sehemu ngeni peke yangu napenda kweli, tena sana, tatizo ni wenyeji wa huko. Mwaka jana nilikwenda Kaole, nikazunguka magofu saa nne nzima, nikarudi na daftari limejaa vipimo vya kuta. Insha ikarudishwa na maneno matatu kwa wino mwekundu: "Umeongea na nani?" Ukweli ni kwamba niliongea na muuza maji tu. Sasa niko mwaka wa tatu, utafiti wangu ni historia simulizi ya bandari za zamani. Historia simulizi bila mtu wa kunisimulia, mnaona wenyewe ninapoelekea.

Basi Jumamosi nikapanda gari. Tukaacha lami pale Mandera, tukala vumbi la Miono, mwisho tukaingia hifadhini. Saadani ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, na ndiyo pekee Tanzania inayofika mpaka Bahari ya Hindi. Niliona twiga na nyani. Hao hawana maswali. Nikashuka kijijini, minazi, ngalawa, harufu ya kamba wanaoanikwa, na mzee mmoja kwenye baraza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu. Umefikia kwa nani?"

Nikamwambia sijafikia kwa mtu, nimekuja tu kutembea. Akaniangalia kama niliyesema sina mama. Wadau, nilitamani lile basi ligeuze palepale. Lakini lilikuwa linalala, linarudi alfajiri.

Kilichonijia kichwani wakati nimesimama pale nimetoa jasho ni kwamba swali lile lina umri mkubwa. Karne ya 19 Saadani ilikuwa moja ya milango ya bara, pamoja na Bagamoyo na Pangani, na Unguja iko ng'ambo tu ya maji. Misafara ya Wanyamwezi ilishuka na pembe za ndovu, watu mamia, wamechoka, hawamjui mtu. Hawakuingia mjini hivihivi kama mimi. Kila msafara ulifikia kwa mtu. Mwenyeji aliwapa pa kulala na chakula, akawasemea kwa wafanyabiashara, pembe zikiuzwa naye anapata fungu lake. Wakubwa wa miji hii waligombania wageni, maana mwenye wageni wengi ndiye mwenye jina. Jonathon Glassman ana kitabu cha 1995 kuhusu mambo haya, kimo maktaba, ila mkikiazima mkirudishe, nakihitaji.

Ukishaelewa hilo, vita vya 1888 vinaeleweka vizuri zaidi kuliko tulivyofundishwa sekondari. Agosti mwaka ule kampuni ya Kijerumani ilianza kushika miji ya pwani na kukusanya ushuru. Yaani alikuja mgeni anayetaka kuwa mwenyeji. Bwana Heri wa Saadani akakataa. Juni 1889 Wajerumani wakaupiga mji na kuuteka, yeye akarudi nyuma porini na watu wake akaendelea kupigana. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, Bwana Heri alisalimu amri 1890, akaruhusiwa kurudi kuujenga mji wake upya.

Sasa kuna kitu kinaniudhi. Vitabu vimejaa "wavumbuzi" waliotembea peke yao. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alitoka Saadani na maksai wanne kwenda Mpwapwa, kujaribu kama mikokoteni ya ng'ombe ingefaa badala ya wapagazi. (Haikufaa. Mwaka uliofuata ng'ombe walikufa njiani.) Peke yake maana yake hakuwa na Mzungu mwenzake! Waliomwonyesha maji yalipo na waliomsemea vijijini hawahesabiwi.

Mimi peke yangu naiona kwa mtu mwingine, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Huyu aliandika safari yake ya Udoe mpaka Uzigua, ndiyo bara ya huku huku, ikachapishwa mwaka 1901 kwenye Safari za Wasuaheli. Humo kuna mila za Wadoe, na mila za watu huzipati kwa kupima kuta. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mwaka 1904 akaoa Mjerumani, na alipojaribu kurudi pwani na mkewe, serikali ya kikoloni ikawazuia. Wakarudi Ujerumani, akafia huko 1927. Fikiria, mtu aliyeandika desturi za kwao kuanzia kuzaliwa mpaka kuzikwa, halafu kwao ndiko asikoweza kufikia.

Haya, turudi barazani. Mzee alinyamaza, nami nikanyamaza (hapo ni bingwa). Mwisho akasema, "Basi umefikia kwangu." Akabeba begi langu bila kuniuliza.

Na hapa ndipo nilipostaajabu. Kila tulikopita yeye ndiye aliyesema: "Mgeni wangu, anasoma Dar, anataka habari za zamani." Mimi nasalimia tu, shikamoo, shikamoo, basi. Nikapewa wali na kamba wa nazi. Jioni wazee wanne wakakusanyika pale pale barazani, wakaanza kubishana wenyewe misafara ilikuwa inapumzika wapi na mizinga ya Wajerumani ilipigwa kutoka upande gani. Niliuliza maswali mawili tu usiku mzima. Nimejaza kurasa 19.

Nilitaka kumpa hela ya chakula, akakasirika kidogo. Alfajiri akanisindikiza kwenye basi na furushi la samaki wakavu. "Mpelekee binti yangu Mbagala. Mwambie umetoka kwangu."

Namba ya simu hakunipa. Alinielekeza msikiti, mwembe, kisha niulize. NIULIZE! Leo siku ya nne furushi liko chini ya kitanda, mwenzangu wa chumbani amehamia kwa rafiki yake na kasema harudi mpaka samaki waondoke. Kesho sina kipindi mchana. Nimeshafanya mazoezi ya kubisha hodi kwenye mlango wa kabati.