Alama Zisizo na Mwenyewe

Alama ya kwanza aliiona Mama. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2019, masika bado yanamwaga, na mdogo wangu alikuwa amekuja kwetu Mchikichini kusaidia kupika futari. Alipokunja mikono ya dera ili akune nazi, Mama akaona doa la rangi ya zambarau juu ya kiwiko. Jingine lilikuwa kwenye mkono wa pili.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka, Mama."

"Umejigonga wapi?"

"Sikumbuki."

Kwetu, mwanamke aliyeolewa akisema hakumbuki, watu huwa wameshapata jibu. Shemeji anauza mitumba Karume, mtu mpole, hapandishi sauti. Lakini tumeishi mjini vya kutosha kujua kwamba wapole nao hupiga. Usiku ule, baada ya tarawehe, kaka yetu mkubwa akamwita. Kikao kilikwenda hadi karibu na daku. Shemeji aliapa kwamba hajawahi kumgusa mkewe kwa ubaya, na kadiri alivyoapa ndivyo tulivyozidi kumshuku. Mdogo wangu alipomtetea, tukasema anamficha mumewe.

Hakuna aliyeiunganisha ile homa na yale madoa. Alikuwa ameumwa siku nne: kichwa, macho kuuma kwa ndani, mwili kuvunjika. Homa ilikuwa imeshuka asubuhi ile, tukajua anapona. Mimi mwenyewe ndiye niliyemnunulia vidonge vya diklofenaki duka la dawa ili apunguze maumivu.

Kesho yake alipopiga mswaki, fizi zikatoka damu isiyokatika. Jioni alianza kutapika na kushika tumbo. Ndipo tukachukua bajaji kwenda hospitali.

Muuguzi hakuuliza habari za mume kwanza. Alimfunga mkononi ule mkanda wa kupimia presha, akaujaza upepo, akauacha umebana kwa dakika tano. Alipoufungua, ngozi ya chini yake ilikuwa imejaa vidoti vyekundu, kama mtu aliyechomwa na ncha za sindano. Akavihesabu. Vikifika 10 au zaidi katika inchi moja ya mraba, alisema, mishipa midogo inavuja. Kipimo cha damu kikaeleza sababu: chembe sahani, zile zinazoziba tundu mshipa unapopasuka, zilikuwa 31,000 tu katika tone dogo ambalo mtu mzima huwa nazo kuanzia 150,000. Mtu wa namna hiyo hahitaji kupigwa ngumi. Kuegemea ukingo wa meza kunatosha damu kuvilia chini ya ngozi. Na vidonge vyangu vilikuwa vimezidisha hatari, kwa sababu diklofenaki na aspirini huzuia chembe sahani kufanya kazi yake.

"Ni dengue," muuguzi alisema. "Kwa Kiswahili kidingapopo."

Nilidhani ni neno lililotungwa na wizara kwa ajili ya mabango. Mdogo wangu alipopona nikalitafuta, na nikakuta kwamba ni la zamani kuliko jiji letu.

Mwaka 1870 homa ngeni ilipita mjini Zanzibar, wakati watu walikuwa bado wanazika waliokufa kwa kipindupindu. Iliwashika watu ghafla, ikawakunja viungo na kuwatoa vipele. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi pale, aliiona kuwa ni ngeni. Wazee wa mji hawakuiona hivyo. Walikumbuka homa kama ile kutoka mwaka 1823, na walikuwa na jina lake tayari: kidinga pepo, yaani mshtuko wa ghafla unaoletwa na pepo. Christie aliandika juu yake mwaka 1872 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Baadaye akatoa hoja kwamba jina hilo lilipanda merikebu, likafika visiwa vya Karibi, ambako homa iliyovuma mwaka 1827 na 1828 iliishia kuitwa dengue. Wapo wanaosema neno hilo ni la Kihispania tangu mwanzo. Lakini hoja ya Christie bado inatajwa kila inapoelezwa asili yake.

Jambo lililonishika zaidi lilitokea baadaye. Mwaka 1952 homa ya kuvunja viungo ililipuka kwenye uwanda wa Wamakonde, upande wa Newala. Madaktari walidhani ni dengue hadi kirusi chake kilipotengwa, kikaonekana ni kingine kabisa. Ugonjwa ukapewa jina la Kimakonde, chikungunya, kwa jinsi unavyomkunja mgonjwa. Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey akarudi kusoma maelezo ya zamani, yakiwemo ya Zanzibar, na kuona kwamba yale maumivu ya viungo yanayong'ang'ania yanafanana zaidi na chikungunya. Kwa hiyo huenda wazee wetu waliita kidinga pepo ugonjwa mmoja, na dunia ikalibandika jina hilo kwenye mwingine.

Kosa hilo linaeleweka. Magonjwa yote mawili huletwa na mbu yuleyule, Aedes aegypti, anayeuma mchana na kutaga kwenye maji yaliyotulia. Yote huanza kwa homa na maumivu. Tofauti moja ipo kwenye ngozi na fizi: chikungunya ni nadra kumtoa mtu damu, ilhali dengue huweza, hasa homa inaposhuka na ndugu wanaanza kushukuru Mungu. Sura hiyo ya kutoka damu ilikuja kutambuliwa huko Manila miaka ya 1953 na 1954, watoto walipolazwa wakiwa na madoa kama ya mdogo wangu.

Mwaka ule wa 2019 walithibitishwa wagonjwa zaidi ya 6,000 Tanzania, wengi wao Dar es Salaam. Nyumbani kwetu maji ya bomba huja na kukatika, kwa hiyo tunajaza mapipa. Mapipa yetu mawili yalikuwa uani, hayana mifuniko, hatua chache kutoka pale Mama alipokaa kukagua mikono ya mwanawe.

Daktari alituambia kwamba damu inayovilia pasipo sababu ina milango mingi: dawa za maumivu, dawa za kuyeyusha damu, uzee unaolainisha ngozi, ini lililochoka, upungufu wa vitamini C au K, ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda, na mara nyingine saratani ya damu. Kisha akamwomba mdogo wangu wabaki wawili, akafunga mlango, na kumuuliza kama kuna mtu anayempiga. Aliuliza akiwa na karatasi ya vipimo mkononi. Kwanza nilikasirika. Sasa naona yeye peke yake ndiye aliyeikagua milango yote. Sisi tulifungua mmoja, tukamkuta shemeji, tukaridhika.

Mdogo wangu alilazwa siku sita. Sikukuu ya Idi kaka yetu alikwenda Karume kumwomba shemeji radhi mbele ya wenzake wa meza za jirani, maana na wao walikuwa wameshasikia. Shemeji akasema yamekwisha. Lakini kwetu haji kufuturu tena, na hakuna anayemlaumu.

Mama bado hukagua mikono ya mabinti zake wanapokunja nguo, na sitamwambia aache. Kilichobadilika ni maswali yake. Akishauliza "nani?", anauliza pia "umepata homa lini?", na "umemeza dawa gani?" Mapipa ya uani yana mifuniko.