Kikombe cha Tatu, Katwe

Wahabeshi wengi wa Kampala wako Kabalagala na Kansanga. Huku Katwe, kati ya nyundo za mafundi vyuma, mimi naujua mkahawa mmoja tu. Ubao wake hautaji Ethiopia wala Eritrea. Umeandikwa "Chakula cha Habesha", basi.

Nilidhani ni ujanja wa biashara. Kumbe ni historia. Eritrea ilijitenga mwaka 1993, na kuanzia 1998 hadi 2000 nchi hizo mbili zikauana kwa ajili ya mpaka wa Badme. Hapa watu wao walimega injera kwenye sinia moja. Ila Novemba 2020, vita vya Tigray vilipoanza, niliona kwa macho yangu: masinia yakawa mawili, kisha matatu, na redio ikazimwa.

Mama mwenye mkahawa hakuhubiri. Aliendelea kukaanga buni mbele ya wote, akapitisha moshi wake kila meza, akachemsha kahawa kwenye jebena ileile moja. Kikombe cha kwanza ni abol, cha pili tona, cha tatu baraka. Kuondoka kabla ya baraka ni kumvunjia heshima mwenye nyumba, hata kama boda inakungoja. Kwa hiyo walikaa. Hawakusemeshana, lakini walikaa.

Siku moja jirani yetu, mzee wa Kiganda, akamsimulia omukago wa babu zake: tunda moja la kahawa lina buni mbili, watu wawili wanachanjana tumboni, kila mmoja anatafuna buni yenye damu ya mwenzake, tayari ni ndugu.

Mama akacheka. "Sisi damu tumemwaga ya kutosha, Jjajja. Wewe kunywa tu."