Programu na Kanzidata: Historia Fupi ya Kutengana

Neno kanzidata limetokana na kanzi, yaani hazina. Jina hilo lina swali ambalo limewashughulisha wataalamu wa kompyuta kwa zaidi ya nusu karne: hazina ikae wapi, na nani ashike ufunguo?

Mwanzoni programu na data zilifungamana. Programu ililazimika kujua data zimepangwaje ndani ya mashine; mpangilio ukibadilika, nayo iliandikwa upya. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyotaka watumiaji wasihitaji kujua mpangilio huo. Mawazo yake ndiyo msingi wa majedwali tunayoyatumia hadi leo. Huo ulikuwa utengano wa kimawazo.

Baadaye ukaja utengano wa mahali. Mwaka 2006 Amazon ilianza kukodisha kompyuta za winguni kupitia huduma ya EC2. Ukiachana na kompyuta hiyo, vilivyokuwa kwenye diski yake ya ndani hupotea. Heroku, iliyoanzishwa 2007, nayo ilikuwa hivyo: programu ikiwashwa upya, mafaili iliyoyaandika hufutika. Basi hazina haikuweza tena kulala chumba kimoja na programu. Oktoba 2009 Amazon ilizindua RDS, kanzidata inayosimamiwa na mtoa huduma, ambaye hutunza mitambo na kufanya nakala za akiba.

Ilibaki kuziunganisha. Kiungo chenyewe ni mstari mmoja wa maandishi: anwani ya seva, jina la kanzidata, jina la mtumiaji na nywila. Mwaka 2011 Adam Wiggins, mmoja wa waasisi wa Heroku, alieleza kanuni kumi na mbili za kujenga programu. Mojawapo yataka mstari huo usiandikwe ndani ya msimbo, bali programu ipewe kutoka nje inapowashwa. Hivyo kanzidata huweza kubadilishwa bila kugusa msimbo, na msimbo huweza kuonyeshwa hadharani bila kufichua siri.

Historia hii yatuhusu sisi wanachama. Kila mwaka wenzetu huhitimu na kuondoka. Tovuti ya chama yaweza kujengwa upya na kila kizazi cha wanafunzi; insha, mashairi na sauti za wazee tulizorekodi zikipotea, hazirudi. Kwa hiyo twaona akaunti ya kanzidata iandikishwe kwa jina la chama, si la mtu mmoja, na nywila yake ikabidhiwe viongozi wapya siku ileile wanapokabidhiwa daftari la wanachama.