Mkate na Bunduki: Mwanamke katika Kumbukumbu ya Vita vya Mau Mau

Makala haya yanachunguza jinsi mwanamke alivyosawiriwa katika kumbukumbu ya umma ya vita vya Mau Mau, na jinsi yeye mwenyewe alivyoisahihisha taswira hiyo.

Hali ya hatari ilitangazwa Kenya mnamo Oktoba 1952, ikaondolewa Januari 1960. Maelfu ya wanawake walizuiliwa, wengi wao katika kambi ya Kamiti. Baada ya uhuru, watawala walihimiza yaliyopita yasahauliwe. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa 2003 tu.

Sanamu iliyozinduliwa Uhuru Park, Nairobi, Septemba 2015, inamwonyesha mwanamke akimkabidhi mpiganaji chakula. Taswira hii si ya uongo. Jane Muthoni Mara, mmoja wa walalamishi katika kesi iliyofunguliwa London mwaka 2009, aliwapelekea wapiganaji chakula, na kwa hilo akateswa kinyama. Lakini sanamu inaonyesha mkono wake, haionyeshi kinywa chake. Ilhali ni ushahidi wake na wa wenzake uliozaa maafikiano ya 2013, ambayo ndiyo yaliyogharimia mnara wenyewe.

Tulinganishe na tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama *Mzalendo Kimathi*. Humo pia mwanamke anabeba mkate, ila ndani ya mkate mna bunduki. Mlishaji na mpiganaji ni mtu mmoja.

Huenda msomaji akadai kuwa huu ni ubunifu wa kisanaa tu. Historia inamjibu: Muthoni wa Kirima alipigana msituni hadi akapata cheo cha Fildi Mashali. Hakuzinyoa nywele zake za msituni mpaka 2022, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Kwa takriban miongo sita baada ya uhuru, kichwa chake kilikuwa mnara ambao serikali haikuujenga.

Suala hili si la kale, hasa kwetu tulio Eldoret. Kanisa la Kiambaa lilipoteketezwa tarehe 1 Januari 2008, wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Je, walionusurika tutawachonga tu wakiomboleza, au tutawasikiliza wakisimulia? Fasihi yetu haina budi kuchagua.