Kirusi cha Marburg kinaitwa Musoke, na hatuambiwi

Ukitafuta Kitum kwenye YouTube utapata giza, muziki wa kutisha na mtu akinong'ona kwamba hili ndilo pango hatari zaidi duniani. Mimi nimechoka na hizo video. Si kwamba pale hakuna kitu, kipo. Lakini hadithi yenyewe inapitia huku kwetu, na sehemu yake ya maana ndiyo hurukwa kila mara.

Kutoka Matulo hadi kiwanda cha sukari cha Nzoia ni mwendo wa boda tu. Kiwandani hapo alikuwa anafanya kazi mhandisi mmoja Mfaransa. Karibu na mwaka mpya wa 1980 alipanda Mlima Elgon, juu ya Kitale, akaingia Kitum, lile pango ambalo ndovu huingia usiku kukwangua chumvi ukutani kwa pembe zao. Siku chache baadaye kichwa na homa vikamshika. Akapelekwa Nairobi kwa ndege, na Januari hiyo hiyo akafia Nairobi Hospital.

Aliyempokea alikuwa daktari kijana, Shem Musoke. Akijaribu kumsaidia apumue, damu na matapishi ya mgonjwa yalimrukia usoni, hadi machoni. Baada ya siku kama tisa, Musoke naye akaanguka. Na hapa ndipo nataka tukae kidogo. Daktari mzima, ndani ya hospitali kubwa, alidhaniwa ana malaria. Dawa za malaria hazikufanya kitu. Ikadhaniwa ni taifodi, na antibiotiki nazo zikagonga mwamba. Ilibidi damu yake itumwe maabara za nje, Afrika Kusini na Marekani, ndipo jibu likarudi: Marburg.

Jina hilo ni la mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara kule Marburg, Frankfurt na Belgrade waliugua baada ya kushika tumbili waliotoka Uganda. Watu 31 waliambukizwa, 7 wakafa. Kwa hiyo hata jina la Kizungu, chanzo chake kilikuwa ukanda huu.

Sasa, kwa nini hizo dawa zilishindwa? Antibiotiki hufanya kazi kwa kuvunja ukuta wa bakteria au kuharibu mitambo yake ya ndani. Kirusi hakina ukuta huo, wala mitambo hiyo. Kinategemea vya mwenyeji. Marburg huingia kupitia kidonda, jicho au mdomo, na seli za kwanza kinazozishika ni zile askari ambazo kazi yao ni kumeza wavamizi. Seli inakimeza ikidhani inakimaliza. Huko ndani, vimeng'enya vya seli yenyewe vinakimenya ganda la juu, kinapata pa kushika, kinapenya na kuanza kujinakili. Wakati huo protini yake moja inafunika nakala hizo ili kengele ya mwili isilie. Hizo seli zikizunguka zinakifikisha kwenye ini na wengu. Mwili ukija kushtuka, mambo yameshaharibika.

Lakini ukiniuliza mimi, ujanja wake mkubwa ni ule wa siku tatu za kwanza: kinafanana na malaria. Huku Bungoma kila homa ni malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo. Unaenda kemisti, unapewa za malaria, na juu yake antibiotiki "za kusaidia". Kirusi hakijali. Wanaojali ni bakteria walio tumboni mwako, maana dozi ile inawaua wanyonge na kuwaachia wabishi uwanja. Taifodi ya Kenya tayari imezizoea dawa kadhaa za zamani. Kwa hiyo unatoka kemisti hujapona, na dawa utakayoihitaji kesho umeshaitia ubutu leo.

Musoke alipona. Hiyo ndiyo sehemu inayorukwa. Kirusi kilichotolewa kwenye damu yake kilihifadhiwa, na hadi leo watafiti wakijaribu dawa au chanjo ya Marburg, moja ya aina wanazotumia inaitwa Musoke. Na wale abiria waliopanda ndege moja na Mfaransa, ambao kitabu cha Richard Preston cha 1994 kiliwafanya mtu ashindwe kulala? Hakuna aliyeugua. Mlipuko mzima ulikuwa watu wawili, kwa sababu Marburg hupita kwa majimaji ya mwili.

Mwaka 1987 kijana wa miaka 15 kutoka Denmark alizuru Kitum, naye akafa kwa Marburg. Watafiti waliingia pangoni mwaka uliofuata na wanyama wa majaribio, wakatoka mikono mitupu. Ilikuwa 2007 ndipo popo mmoja wa matunda aliyenaswa Kitum akakutwa nacho.

Najua kuna msee atasema basi tuwachome popo wote. Wachimbaji wa Kitaka, Uganda, walijaribu baada ya kuambukizwa 2007. Popo wapya waliohamia pale walipopimwa 2012, asilimia 13 walikuwa na kirusi, na kabla ya mauaji ilikuwa kama asilimia 5.

Ng'ambo ya mlima, Kween, Uganda, mwaka 2017 watu watatu wa familia moja waliugua na wote wakafa. Rwanda mwaka 2024 wagonjwa walikuwa 66, wengi wakiwa wahudumu wa afya, na waliokufa ni 15. Ni ugonjwa ule ule. Rwanda walipima haraka, wakawapa wagonjwa maji na oksijeni, wakajaribu remdesivir na kingamwili za maabara.

Kwa hiyo Kitum nenda, piga picha za ndovu. Usishike popo wala kinyesi chake. Na homa ikikupata ndani ya wiki tatu, kabla hujapimwa malaria mwambie daktari neno moja ambalo mwaka 1980 hakuna aliyejua kuliuliza: pango.