Mawimbi hayana ukuta: toka TSF ya Elisabethville mpaka wifi ya nyumbani

Bandugu, simu ya nyumbani ya bila waya ikilia, wifi inakwama. Mara moja nasikia: "Rezo haiko, kampuni inatuibia!" Mimi naona jibu liko mu historia, tena historia inayopita hapa kwetu.

Kabla ya vita ya 1914, Robert Goldschmidt na injenia Mfaransa Raymond Braillard walijenga posta za TSF, telegrafu ya bila waya, toka Boma mpaka Elisabethville, ni kusema Lubumbashi yetu. Adui yao alikuwa radi: majira ya mvua ilijaza masikio ya wapokeaji kelele tupu.

Miaka ya 1920, kule Ulaya, adui akawa mwanadamu. Redio zilikuwa mingi, moja inafunika ingine. Mpango wa Geneva wa 1926 ukagawanya masafa, na Braillard yule yule njo alisimamia kituo cha Bruxelles kilichopima kama kila redio inabaki mu nafasi yake. Kelele ile haikupunguzwa kwa kuongeza nguvu, ilipunguzwa kwa kugawana.

Sasa tuangalie gigahezi 2,4. Mwaka 1947, mkutano wa Atlantic City uliachia sehemu hiyo mashine za viwanda, sayansi na matibabu. Mikro-onde nayo iko humo. Mwaka 1985 Marekani ikaruhusu vyombo vya mawasiliano kuingia bila leseni. Simu za bila waya zikaingia, na wifi ya 802.11b ikafuata 1999. Ni soko lisilo na mipaka ya meza: hakuna mwizi, lakini watu wanapandana. Simu zingine zinaruka-ruka sehemu yote. Wifi inasubiri ao inatuma upya kitu kile kile, njo maana inakuwa polepole.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayetuma memwari usiku, kabla ya kutoa franga kwa forfe kubwa zaidi, achomoe kwanza kitako cha simu, aone. Wifi ikipona, asogeze modemu mbali, achague kanali 1, 6 ao 11, ao apande gigahezi 5. Simu za DECT za Ulaya hazisumbue, ziko megahezi 1880 mpaka 1900.

Na kama kelele inatoka kwa modemu za majirani? Muongee, mpatane nani anatumia kanali gani. Geneva ilipatanisha inchi mingi; parseli tatu za Kampemba zitashindwa na nini?