Si kila aitwaye "dear" ni mpenzi

UJUMBE wa Kiingereza unaoanza kwa neno "dear", ukionwa na mke katika simu ya mfanyabiashara wa mbao mjini Mafinga, wilayani Mufindi, unaweza kuvuruga nyumba bure. Katika barua za Kiingereza neno hilo ni desturi ya adabu tu. Hata anayedai fedha humwandikia hivyo mdaiwa wake.

Nje ya barua, "dear" lina maana mbili: -pendwa na ghali. Kiswahili nacho kina "azizi", neno lenye asili ya Kiarabu, litajalo kitu cha thamani na vilevile mtu apendwaye.

Kutokana na "dear" lilizaliwa "darling", ambalo huitwa mwenzi wa ndoa, mchumba au mtoto. Kwa Kiswahili ni kipenzi. "Honey" ni asali na "sweetheart" ni moyo mtamu. Visawe vyake ni mpenzi, muhibu, laazizi na mahabubu.

Lenye kuhitaji tahadhari zaidi ni "love". Nchini Uingereza muuza duka huweza kumwita hivyo mteja asiyemfahamu, naye asishangae. Vivyo hivyo, walokole wa Tanzania huitana "mpendwa", na mtangazaji wa redio husema "mpenzi msikilizaji", bila yeyote kuona wivu.

Hivyo, kabla ya kufurahi au kukasirika, ni vyema kutazama nani amemwandikia nani, na kwa jambo gani. Neno peke yake si ushahidi.